Siku Niliyomvua Buti Ng'ombe wa Papa Furaha

Leo nimepatikana.

Sijapatikana na polisi wala na mwalimu. Nimepatikana na ng'ombe. Tena ng'ombe wa kuigiza, aliyekuwa na blanketi mgongoni. Nawasimulia mwenyewe mapema, kwa sababu pale ukumbini walikuwepo akina mama wengi na kila mmoja ana simu, na mimi ningependa mlisikie jambo hili kwangu kabla halijaongezwa chumvi. (Si kwamba linahitaji chumvi.)

Wale msiojua: nina mchumba anaitwa Furaha. Ni Mkongo, kwao ni Fizi, lakini amekulia hapa Minnesota, Columbia Heights. Mwezi mzima mjomba wangu wa Brooklyn Park ameshanyoosha suti yake, anasubiri jambo moja tu. Baba yake Furaha aseme, "Wazee waje." Akisema hivyo, mjomba anakwenda kunipelekea posa. Asiposema, suti inabaki kabatini na mimi nabaki chumbani Frogtown na Kip.

Kip ni Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja. Yeye ndiye chanzo cha matatizo yangu yote, ingawa anakataa. Majira ya baridi mwaka jana, tumefungiwa ndani na theluji, akaniwekea kile kipindi cha zamani cha televisheni kilichotengenezwa hapahapa Minnesota. Mnakijua? Inaonyeshwa filamu mbovu, mbovu kupita kiasi, halafu chini ya picha kuna vivuli vya watu wameketi kama wako sinema, na kazi yao ni kuisema ile filamu mwanzo hadi mwisho. Kila mwigizaji akifungua mdomo, wao wamemjibu. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Na mimi nilishaiva kwa mambo hayo kabla ya Kip. Nimekulia Mbeya, kwenye mabanda ya video, ambako filamu ya Kichina ilitafsiriwa na jamaa mwenye kipaza sauti asiyejua Kichina hata kidogo. Jambazi akipiga kelele, yeye anasema, "Nirudishie baiskeli yangu!" Tulikuwa tunamwelewa kuliko wenye filamu. Kwa hiyo kile kipindi kilipata ardhi iliyokwisha kulimwa. Tangu hapo mimi na Kip hatuwezi kutazama kitu kimya. Hata tangazo la dawa ya mafua tunalisema.

Leo mchana, nikiwa nafunga tai, Kip akanitazama.

"Bro, unaenda wapi na hiyo tai?"

"Kanisani kwa kina Furaha. Baba yake ametengeneza filamu. Inaonyeshwa leo."

Kip akasema, "Festo, skiza. Leo usiongee mob. Wewe uki-start hu-stop."

"Mimi nitakaa kimya kama mgonjwa," nikamwambia. (Andikeni hayo maneno mahali.)

Kanisa lao halina jengo lake. Wanatumia chumba cha chini cha kanisa moja la wenyeji, na leo wenyeji nao walialikwa. Walikuja wazee wazee wa Kizungu, wamebeba yale mabakuli yao ya viazi na jibini ambayo hapa Minnesota hakuna mkutano unaofunguliwa bila hayo. Wakaketi upande wa kulia. Wakongo upande wa kushoto, mapapa kwa mamama, kama wanavyowaita wazee wao, vitenge vimenyooka.

Papa Furaha, ndivyo wanavyomwita baba yake Furaha, alinipokea mlangoni. Mrefu, mkimya, koti limefungwa vifungo vyote. Mara ya kwanza nilipokutana naye nilimpa shikamoo, akaniangalia kama nimemwomba nauli. Siku hizi nimejifunza.

"Jambo, Papa."

"Jambo sana. Karibu." Kisha akaniinamia. "Festo, kuko problème. Ile maandishi ya Kiingereza Furaha aliandika chini ya picha, ordinateur, kompyuta, inakatala kuyaonyesha. Weye uko mwanafunzi. Utatafsiria bageni."

Nilihisi malaika wamenishika mkono. Ndugu zangu, baba mkwe ananipa kipaza sauti mbele ya kanisa zima! Huu ndio mtihani, nikajiambia, na mtihani wenyewe ni Kiingereza.

Furaha alinipita akielekea juu na vijana wote wa kwaya, maana walitakiwa kufanya mazoezi ya wimbo wa mwisho. Watoto nao walipelekwa huko huko. Akaninong'oneza, "Tafsiri tu, sawa? Papa amefanya hii kitu miaka mbili." Nikamwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo.

Sasa hesabuni wenyewe waliobaki chini. Kulia, Wazungu wasiojua Kiswahili. Kushoto, wazee ambao Kiingereza chao ni cha kazini: nyanyua boksi, sukuma kitanda, muda wa chai umekwisha. Katikati, mimi na kipaza sauti. Shetani mwenyewe asingepanga viti vizuri zaidi.

Taa zikazimwa.

Filamu ilikuwa inahusu kijana wa Fizi anayeuza ng'ombe wa baba yake kwa siri ili aende mjini. Ng'ombe anaitwa Sifa. Baba anabaki anamlilia Sifa hadi mwisho. Papa Furaha ndiye mwandishi, ndiye mwongozaji, ndiye baba. Na nataka mnielewe, dakika za mwanzo nilitafsiri kwa uaminifu kabisa. Neno kwa neno. Hata kikohozi nilikiheshimu.

Tatizo ni kwamba Fizi ile ilikuwa na theluji.

Theluji mpaka magotini! Waliipiga picha Januari, kwenye bustani ya karibu na ziwa, na migomba ilikuwa ya plastiki. Mzee wa kijiji alivaa kitenge juu ya koti la baridi, amevimba kama godoro lililofungwa kamba. Nikaona Wazungu wanatazamana. Nikaona ni adabu kuwapa maelezo. Nikasema kwenye kipaza sauti, kwa Kiingereza, "Mzee wa kijiji anasema amevaa nguo zake zote kwa sababu hamwamini jirani."

Wakacheka. Kicheko kidogo tu, cha puani. Lakini jamani, kicheko cha watu ni kitamu! Kinaingia mwilini kama chai ya tangawizi. Nikajiambia, kimoja tu, sirudii.

Baba kwenye filamu akamshika mwanawe bega, anamwusia maneno mazito ya uzee wake. Wakati huohuo, nyuma yao, lori la kusukuma theluji likapita polepole na taa zake za njano. Mngefanyaje? Nikatafsiri: "Mwanangu, ondoka sasa hivi, hilo lori likipita mara ya pili litatufukia mlangoni." Wazee wa Minnesota wakapasuka. Kila mmoja ana kisasi na lile lori. Mama mmoja mwenye nywele nyeupe, anaitwa Bi Marlys, alipiga goti lake kwa kofi.

Baada ya hapo sikuwa mtafsiri tena. Nilikuwa kivuli cha kwenye kile kipindi.

Halafu akaingia ng'ombe.

Sifa aliigizwa na Shemasi Wilondja, mtu mzima mwenye heshima zake, ametembea kwa mikono na miguu chini ya blanketi la kahawia. Pembe zilikuwa henga za nguo. Miguuni kavaa buti za theluji, jozi mbili, za nyuma nyeusi na za mbele nyekundu. Na ng'ombe akakohoa. Si mlio wa ng'ombe. Alikohoa, akasema "samahani", na hawakuikata.

Mimi nilipiga magoti, jamani. Nilitafsiri ile "samahani" kwa namna tatu.

Mwisho wa filamu, baba anasimama kwenye lango, theluji inaanguka, anaita huku analia. "Sifa! Sifa wangu! Rudi nyumbani!" Papa Furaha alilia kweli pale, machozi yanaonekana. Na mimi, mwana wa watu, mposaji, nikasema kwa Kiingereza na sauti ya huzuni kabisa: "Sifa! Sifa wangu! Vua buti kabla ya kuingia, nimepiga deki sasa hivi!"

Wazungu walilia kwa kucheka. Bwana mmoja alivua miwani. Bi Marlys aliegemea bakuli lake la viazi.

Taa zikawashwa.

Hapa sikilizeni vizuri. Upande wa kushoto, akina mama wanafuta machozi kwa ncha za vitenge, wamemlilia Sifa. Upande wa kulia, Wazungu wanafuta machozi kwa karatasi za meza. Ukumbi mzima unafuta macho. Papa Furaha akatazama kushoto, akatazama kulia, akashika kifua.

"Muliona?" akawaambia wenzake. "Hata bazungu banalia!"

Wakapiga makofi. Akanipigapiga mgongoni mbele ya watu wote. Nikaona suti ya mjomba inatoka kabatini yenyewe.

Ningeweza kukimbilia chooni wakati huo. Sikwenda. Nilibaki nimesimama napokea pongezi kama mjinga.

Kisha Bi Marlys akanyoosha mkono.

Aliuliza kwa upole kabisa, kama wanavyouliza watu wa hapa, wazo la ng'ombe kuvua buti Papa alilitoa wapi, maana kwao nao ni hivyo hivyo, mama yake alikuwa mkali sana na sakafu.

Papa Furaha akanigeukia. "Anasema je ule mama?"

"Anasema... anauliza, yule ng'ombe ulimtoa wapi."

(Nusu ya ukweli ni nusu ya ukweli.)

Papa akavuta pumzi. Akaanza kueleza, taratibu, kwamba Sifa si wa kutunga. Alikuwa ng'ombe wa baba yake. Siku walipokimbia vita, baba yake alikataa kuondoka mpaka aende kumfungua, na walipokuwa njiani mzee alikuwa anageuka nyuma kila mara kumtazama. Hakumwona tena. Mzee alifia kambini, na mpaka mwisho alikuwa akimtaja. "Donc, basi, hii filamu," akasema, "ni ya kumuita kwa niaba ya baba."

Pale pale nilitamani sakafu ifunguke. Nisiwadanganye, kicheko chote kilinitoka. Nilijiona mdogo kuliko ile henga ya pembe. Lakini kipaza sauti kiko mkononi, Bi Marlys anasubiri habari za buti, na Papa ananitazama.

Nikasema kwa Kiingereza, "Anasema kwao sakafu safi ni jambo la heshima sana."

Wakacheka tena.

Uso wa Papa ukabadilika. "Juu ya nini banacheka ng'ombe wa baba yangu?"

"Papa, hawa watu... wakiguswa sana ndivyo wanavyofanya. Wanacheka."

Mama mmoja mbele akatikisa kichwa kukubali. "Ni kweli. Pale ninafanyaka kazi kuko mmoja wa vile."

Mungu ambariki yule mama. Alikuwa anakaribia kuniokoa. Lakini Bi Marlys, kwa moyo wake mweupe, aliona labda sikumtafsiri vizuri. Akasimama. Akainama mikono karibu na sakafu. Akatoa mlio wa ng'ombe, akajifuta miguu kwenye zulia, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akatembea kwa ncha za vidole akitazama kushoto na kulia kama anaogopa mwenye nyumba.



Shemasi Wilondja akasimama upande wa kushoto. "Ule ni miye," akasema. "Ananiigiza miye. Lakini miye sikuvuaka buti."

Ndipo mlango wa ngazi ukafunguliwa. Furaha na kwaya nzima, wamevaa sare, wako tayari kuimba. Furaha akamwona Bi Marlys hana viatu. Akaniona mimi natoka jasho. Akaja moja kwa moja, akanyoosha mkono.

"Festo. Nipe mic."

"Furaha, ngoja kwanza..."

"Mic."

Nikampa. Akamwuliza Bi Marlys kwa Kiingereza nini kimetokea. Bi Marlys, amefurahi kupata mtu, akamweleza yote. Lori. Mzee mwenye nguo zote. Samahani za ng'ombe. Buti. Na Furaha akamtafsiria baba yake neno kwa neno, kwa uaminifu ule alioniomba mimi. Mimi nilikuwa natazama bakuli la viazi. Jibini lake lilikuwa limepoa, lina mipasuko.

Alipomaliza hakuna aliyekohoa, hata Shemasi.

"Festo," akasema Papa Furaha.

"Naam, Papa."

"Rudilia filamu."

"Papa, nisamehe. Nimekosa. Sikujua kwamba..."

"Rudilia. Na sasa utabaambia hawa bamama, na Kiswahili, vile ulibaambia bazungu. Yote."

Ndugu zangu, mnajua mzaha uliosemwa gizani, kwa lugha isiyoeleweka, unavyokuwa ukirudiwa taa zikiwaka, mbele ya mwenyewe? Nilisimama kando ya picha. Mzee wa kijiji akatokea na koti lake. Nikasema kwa sauti ya mtu aliye mahakamani, "Amevaa nguo zake zote kwa sababu... hamwamini jirani."

Papa amekunja mikono.

Likapita lori. Nikasema la lori. Mama mmoja akaziba mdomo kwa kitenge. Akaingia ng'ombe, akakohoa, akasema samahani. Nikazisema zile tafsiri tatu. Ya tatu ilipofika, Shemasi Wilondja mwenyewe alitoa kicheko kilichomshinda, na akina mama wakamfuata, wakawa wanapigana mabega. Mama yake Furaha aliangusha mkoba.

Papa hakucheka.

Tukafika langoni. Theluji inaanguka, baba analia. Hiyo sikuiweza.

"Sema," akasema.

"Papa, hii naomba niiache."

"Sema, kijana."

Nikasema. Sauti ilitoka ndogo kama ya mtoto aliyevunja sahani. "Sifa. Sifa wangu. Vua buti kabla ya kuingia. Nimepiga deki sasa hivi."

Akina mama wakaacha kucheka, wanamtazama yeye. Papa Furaha alikuwa anaiangalia picha, uso wake mwenyewe unaolia ukutani. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua nimemuua mzee wa watu.

Kumbe anacheka.

"Alikuwa anaingiaka na matope," akasema, anajifuta macho. "Sifa. Ndani ya nyumba! Baba alikuwa anamukaripia kabisa vile. 'Sifa, miguu! Miguu!'" Akacheka mpaka akashika kiti. Furaha akamtafsiria Bi Marlys, Bi Marlys naye akaanza kulia, safari hii machozi ya kweli. Ukumbi ule leo umechanganyikiwa kabisa, sijui nani alikuwa analia nini. Mimi nililia pia. Sioni sababu ya kuwaficha.

Halafu Papa akakumbuka yeye ni nani. Akafunga tena kifungo cha koti.

"Bon. Lakini ile scène ya ng'ombe haiko muzuri. Tutairudilia Samedi." (Samedi kwao ni Jumamosi.)

"Ni kweli, Papa."

"Na Shemasi iko anaumwa mugongo."

"Pole, Shemasi," nikasema, bado sijaelewa.

"Weye," akasema Papa Furaha, "njo utakuwa ng'ombe."

Kwaya ikapiga kelele. Furaha alijificha nyuma ya kinanda, mabega yake yanacheka. Nikakubali, ningefanya nini? Nilipokuwa namsaidia Papa kukunja viti, nikajipa moyo, nikamwuliza kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu: "Papa, na lile jambo la wazee wangu kuja?"

Alinitazama kutoka juu hadi chini, kama mtu aliyekwenda mnadani.

"Kwanza tuone Samedi," akasema.

Nimerudi nyumbani kwa basi. Kip ameniuliza ilikuwaje, nimemwambia, na mpaka sasa yuko sakafuni. Furaha amenitumia ujumbe anauliza navaa buti namba ngapi, za mbele na za nyuma. Mjomba naye amepiga simu, anataka kujua tumefikia wapi, nikamweleza hali halisi: ung'ombe nimekubaliwa, ukwe bado unajadiliwa.

Naomba asicheke mtu. Na mwenye blanketi la kahawia, kubwa, aniazime.